Moto wa Kupasulia Jiwe

Miaka yote niliyofundisha jiolojia, mama yangu hakuwahi kuniuliza swali hata moja kuhusu mawe. Alijua ninafundisha chuoni, alijua ninarudi na viatu vyenye vumbi, na wageni wakimuuliza mwanawe anafanya kazi gani alijibu, "Anasomesha watu udongo," kisha akawaongezea chai. Sikumlaumu. Mtu aliyepikia shule nzima ugali kule Karagwe nusu ya maisha yake haoni kwa nini mwingine alipwe mshahara kwa kutazama mawe. Lakini mwaka wa ugonjwa wake alianza kuuliza, na kisa kilikuwa jiwe moja lililokaa mahali pabaya.

Tulikuwa tunaishi Kinyinya, jijini Kigali, mimi na yeye, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe kwenye mteremko. Ukitoka barabarani unashuka ngazi, ukitaka kuingia vyumbani unapanda ngazi nyingine. Nilipoijenga nilikuwa na magoti mazima, na sikumfikiria mtu mwingine yeyote. Mama alipoanza kupungua, ngazi zile zikawa adui yake. Alikuwa akifika katikati anaketi, anajifanya anatazama bonde, na mimi najifanya ninatafuta kitu mfukoni mpaka pumzi zimrudie.

Daktari alinikalisha peke yangu akafunga mlango. Akaniambia kwa upole kwamba dawa zimefika mwisho wake, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Nilipotoka nilimkuta Mama kwenye benchi anamwonyesha mgonjwa mwenzake namna ya kufunga kitenge kisilegee. Akaniuliza daktari kasemaje. Nikamwambia kasema upumzike.

Aliyeamua mambo ni dada yangu mkubwa, ambaye ana mgahawa Gisimenti, na dada yangu akishaamua jambo, wengine tunabaki kutekeleza. Mama asiambiwe. Bibi yetu alipoambiwa, alisema dada, aligeukia ukutani, hakula tena mpaka alipokufa. Kwa hiyo tumjengee Mama chumba cha chini, usawa wa bustani, kisicho na ngazi hata moja, chenye dirisha linalotazama bonde, na tumwambie ni chumba cha kuponea. Akishakizoea, ataambiwa polepole. Nikauliza ataambiwa na nani. Akasema na wewe, si ndiye unayekaa naye? Nilikasirika, tena sana, maana mimi hasira zangu ziko karibu. Lakini sikuwa na wazo bora, nikakubali. Tangu siku hiyo nilikuwa na ombi moja tu: Mama aingie katika chumba kile, na siku ya kujua ikifika, ajue kwa mdomo wangu, si kwa mtu mwingine.

Mafundi walikuja wakaanza kukata mteremko. Udongo wa upande wetu wa kilima ni mwekundu, laini, unachimbika kama unga wa muhogo, na kwa siku za mwanzo kazi ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kuota mapazia. Kisha sululu zikagonga kitu. Wakafukua, wakafukua tena, ukatokea mgongo wa kijivu, mpana, mviringo, umelala pale hasa panapotakiwa kitanda cha Mama. Nilishuka kuutazama. Graniti, ile ambayo vitabu vingine huita itale. Haikuwa imeoza hata kidogo.

Kuhamisha chumba hakukuwezekana, huku ukuta wa jirani, huku mteremko mkali. Mashine ya kutobolea isingepita kwenye kichochoro. Baruti katikati ya nyumba za watu ni wazimu. Fundi mkuu akasema basi tutalipasua kwa moto, namna wavunja kokoto wanavyofanya: unarundika kuni juu ya jiwe, unaziwasha alasiri, unalisha moto mpaka jiwe lipate joto la kutosha, kisha unalipiga nyundo, linaachia vipande. Nilikwenda kwa mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wa mtaa wetu, kuomba ruhusa, kwa sababu Kigali huwashi moto nje ya nyumba kienyejienyeji. Akakubali, ila tusichome matairi. Tukanunua kuni za mikaratusi.

Mama alisema anataka kuona. Nikamshusha ngazi taratibu, nikamweka kwenye kiti cha plastiki upande wa giza, mbali na moshi, nikamfunika blanketi mpaka puani. Dada alikuja kutoka Gisimenti na sufuria la supu. Tukapanga viti vingine kuzunguka moto, mafundi wakaketi na sisi, wote tumechoka, tunatazama ndimi za moto bila maneno mengi. Nakumbuka kwa muda mfupi nilikuwa na furaha. Nilijiambia jiwe likiondoka, chumba kinakuja.

Hapo ndipo Mama aliponiuliza swali lake la kwanza. Alitaka kujua kwa nini jiwe hili halikuota kwa jirani. Nikamwambia mawe hayaoti. Akasema haya, mwalimu wa udongo, kama halikuota limetoka wapi?

Nikamwambia zamani lilikuwa matope. Alinitazama kwa huruma, akamuuliza dada kama nimekula. Nikasisitiza. Matope na mchanga, yaliyotulia chini ya bahari ambayo leo haipo, yapata miaka bilioni moja iliyopita na zaidi. Yakafunikwa na matope mengine, ardhi ikabanwa na kujikunja, yale ya chini yakazama kilometa nyingi ndani ya bara. Na kule ndani kuna joto. Kila unavyozidi kushuka joto linaongezeka, miamba yenyewe ina chembe zinazotoa joto polepole, na mara nyingine uji wa moto zaidi hupanda kutoka chini, ukakaa kwenye sakafu ya bara ukaipasha.

Watu hudhani mwamba ukipata joto unayeyuka wote kwa mpigo. Hapana. Mwamba ni mchanganyiko wa madini, na kila moja lina kiwango chake cha kustahimili. Ndani yake kuna ulanga, yale magamba yanayometameta, na ulanga umefungia maji mwilini mwake, maji ambayo huwezi kuyaona wala kuyakamua. Joto likizidi, ulanga unavunjika na kuyaachia. Maji hayo yakishapatikana, yale madini meupe yaliyo jirani yanashindwa kuvumilia joto ambalo bila maji yangelihimili. Tone moja linaanza hapa, jingine pale, kwenye mipaka ya punje na punje. Pengine robo tu ya mwamba inakuwa uji. Sehemu kubwa inabaki ngumu ilivyo.

Mama akafikiri. "Kama nyama ya mafuta kwenye sufuria kavu," akasema. "Mafuta yanatoka, nyama inabaki."

Nikamwambia ni hivyohivyo, na mfano ule nimeuchukua, mpaka leo nautumia darasani. Nikaendelea. Uji ule ni mwepesi kuliko mwamba uliouzaa, na ardhi haitulii, inaukamua. Tone linaungana na tone, linakuwa mshipa, mshipa unakutana na mshipa, uji unapanda. Haufiki juu kama wa volkano. Unaishia njiani, unapoa chini kwa chini, polepole mno, ndiyo maana punje za graniti zinakua mpaka unaziona kwa macho. Baadaye mvua zinaondoa kilichokuwa juu yake, zinaiozesha nayo, na mapande yaliyokataa kuoza yanabaki ndani ya udongo mwekundu yakiwasubiri watu wanaojenga vyumba.

"Na kile kilichobaki kule chini?" akauliza.

Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mdomo, geti likagongwa.

Aliyeingia mbele alikuwa jirani yetu wa juu, mama mmoja aliyekulia Bujumbura, mtu wa kanisa, mwenye sauti kubwa siku zote. Jioni ile hakuwa na sauti. Nyuma yake alikuwa mumewe na wanawake wengine wa jumuiya yao, wamejifunga vitenge vizuri, mmoja amebeba chupa ya chai. Walitembea taratibu. Jirani akaishika mikono yangu miwili ndani ya yake, akainamisha kichwa, akasema, "Mwihangane."

Ni neno la Kinyarwanda, kutakiana uvumilivu. Kwanza nilidhani ananipa pole ya kuuguza. Kisha nikawatazama wale wengine walivyosimama, nikaona walichokuwa wanakiona wao. Moto uani jioni. Viti vya plastiki vimeuzunguka. Mabinti wawili wamejiinamia. Huku kwetu moto wa namna hiyo una maana moja, ikiriyo, watu wanakaa kuomboleza. Na tulikokulia Tanzania pia matanga yana moto wake, kwa hiyo sina hata kisingizio cha ugeni, ila akili yangu yote ilikuwa kwenye jiwe. Majirani walijua Mama anaumwa. Waliona moto, wakajumlisha, wakachemsha chai wakaja.

Kabla sijapata neno, sauti ikatoka upande wa giza.

"Karibuni mketi."

Mwenye chupa ya chai nusura aitupe. Mama alishusha blanketi puani. Aliwatazama mmoja mmoja, vitenge vyao, mikono yao iliyofumbatwa. Hakuwa mjinga mama yangu.

"Kafa nani?" akauliza.

Mama akamgeukia dada, dada akatazama supu. Kisha akanigeukia mimi.

"Ni mimi?"

Jamani, sijui ni uso gani nilikuwa nao. Najua tu kwamba nilijaribu kucheka na kicheko hakikutoka. Wale watu walitaka kuondoka, wanarudi kinyumenyume wakiomba radhi kwa lugha tatu, lakini Mama alikataa. Alisema chai haibebwi ikarudishwa. Waliketi, wakamimina, wakanywa. Waliulizana habari za mvua. Mama akawaambia kama mlikuja kusali basi salini, nao wakasali, na sikuwahi kusikia watu wakisali kwa aibu kiasi kile. Getini jirani alilia, ananiomba nimsamehe. Nilimwambia hakuna neno, kwa sauti ya mtu ambaye ana neno tele.

Wakati wa kupanda, Mama aliketi kwenye ile ngazi ya katikati kama kawaida yake. Safari hii hakutazama bonde.

"Wamewahi kidogo tu, siyo?" akasema.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nilikuwa nimepanga nianze wapi, nimshike vipi mkono, niseme nini kuhusu Mungu. Yote yakaniishia. Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Kisha akaniambia kitu ambacho kingali kinaniuma kuliko kifo chenyewe. Aliniambia alikuwa ameshaagiza miche ya mchaichai, aipande chini ya dirisha la chumba kipya, kwa kuwa mchaichai unachukua muda lakini ukishika unadumu. Aliamini. Wengine husema wagonjwa hujua wenyewe, wanatuficha sisi. Mama yangu hakujua. Alikiamini chumba chetu, ukuta kwa ukuta. Nikakaa naye kwenye ngazi tukalia, na dada aliyekuwa chini na sufuria lake alitusikia, hakupanda.

Asubuhi yake, kwa hasira zangu, niliandika ujumbe kwenye kundi la simu la mtaa: moto mnaouona kwetu ni wa kupasua jiwe, hakuna msiba. Watu wakajibu kwa alama za mikono iliyokunjwa, na tangu hapo moto ukaendelea jioni kwa jioni bila mtu kubisha hodi.

Jiwe lilikubali. Mafundi walipolibandua ubavu mmoja, kwenye uso mpya mweupe kulikuwa na donge jeusi, kiasi cha ngumi, linametameta ulanga. Nilipiga magoti pale kwenye majivu nikalitazama, na ingawa moyo wangu ulikuwa umevunjika nilifurahi, siwezi kusema uongo. Kwa miaka nimewachorea wanafunzi ubaoni kitu kile. Ni kipande cha mwamba wa asili, cha yale yaliyokataa kuyeyuka, kilichozolewa na uji wakati unapanda. Fundi alikitoa kwa patasi. Nikakifuta vumbi kwa khanga, nikampelekea Mama kitandani.

Nikamwambia hili ndilo jibu la swali lako la juzi. Akaligeuzageuza kiganjani, akashangaa uzito wake.

"Kwa hiyo chepesi ndicho kinachoondoka," akasema.

"Ndiyo."

"Na kizito kinabaki kule chini, na joto lake lilelile."

"Kinabaki, Mama. Sehemu kubwa inabaki."

Alilifumbata lile donge, akanitazama kwa muda, na hakukuwa na utani wowote usoni mwake.

"Basi poleni," akasema.

Aliomba tusilimalize jiwe lote, nusu yake ibaki nje ya mlango, watu wapate pa kukalia. Chumba kiliisha. Kilinuka rangi na saruji mbichi, mapazia yalikuwa mafupi kwa sababu nilipima vibaya, lakini aliingia kwa miguu yake bila ngazi hata moja, na mchaichai niliupanda mimi yeye akiniongoza kutoka dirishani, huku analalamika kwamba mashimo ni ya kuzikia kuku. Mafundi walirudi mara kadhaa baadaye kuchoma mkia wa jiwe uliozuia mfereji wa maji ya mvua. Majirani wakauzoea moto wetu. Mtoto wa pale juu, nilisikia, alikuwa akimwambia mama yake, wale wa mawe wamewasha tena.

Mama alikufa alasiri moja, dirisha likiwa wazi, dada akimpaka mafuta miguuni. Hakukuwa na kelele. Tulimkunja vizuri mikono. Gari la kumchukua lilikuja kwa njia ya chini, ambako hakuna nyumba, likaondoka, na tukabaki wawili uani hatujui tufanye nini na mikono yetu. Ndugu wa Karagwe wangefika kesho. Nilisema tupige simu kwa majirani. Dada akasema mimi sina nguvu ya kulitamka neno hilo hata mara moja, tuwashe moto, moto utasema.

Tukawasha. Zilikuwepo kuni za mikaratusi zilizobaki, tukaziweka palepale, kando ya lile nusu jiwe. Tukapanga viti, vingi, kwa kuwa tulijua watu watajaa. Mama alipendwa mtaa mzima tangu ile jioni ya chai, wanawake wa jumuiya walikuwa wakimletea parachichi. Tukaketi tukasubiri. Jua likazama. Tukasikia mageti ya watu yakifungwa, sufuria zikigongana majikoni, redio ya mtu inatangaza mpira. Hakuja mtu. Dada akasema ndio watu wa mjini hao, na akalia upya, kilio kingine kabisa, cha kuachwa. Mimi nilikuwa nimekaza taya. Nilikuwa nawachukia mmoja baada ya mwingine kwa majina yao.

Kisha jirani wa juu akatokea getini. Hakuingia. Alisimama kwenye njia akimulika kwa simu, ndoo mkononi, anapita zake kutoka bombani. Alitabasamu lile tabasamu la mtu aliyewahi kujiaibisha hapa na hataki tena.

"Ile jiwe bado haijaisha?" akaniuliza.

Nikamtazama. Nikatazama moto wetu, viti vyetu vitupu, na ujumbe wangu wa hasira ukanirudia neno kwa neno. Hawakuwa wametutupa. Walikuwa wametutii.

Nilikwenda mpaka getini, nikashika chuma chake.

"Leo si jiwe," nikamwambia.

Alibaki ametabasamu kwa muda kidogo kabla hajanielewa. Kisha akaiweka ndoo chini, taratibu, maji yasimwagike, na akageuka akarudi juu alikotoka. Nikasikia anagonga geti la kwanza, anasema kitu kwa sauti ndogo. Akagonga la pili. Redio ya mpira ikazimwa.

Walikuja na vitenge vyao, wengine hawajamaliza kula, mwenye chupa ya chai akiwa na chupa ileile. Walijaza viti, wengine wakakaa kwenye jiwe la Mama. Jirani akaishika mikono yangu miwili ndani ya yake na kuniambia lile neno lake, mwihangane, na siku hii nililipokea. Wengine walikuwa bado wamesimama karibu na geti, hawajui kama waingie, wanatazama upande wa giza ambako kile kiti kilikuwa hakina mtu. Nikawaambia mimi, karibuni mketi.